Benchi Moja na Baba Mkwe

Shauri la Atuganile lilifutwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi, na Brenda alikuwa palepale ukumbini, amesimama na suti yake nyeusi ya mtumba, bila ruhusa ya kufungua mdomo.

"Mdai?" aliuliza Mwenyekiti wa Baraza la Ardhi, Vwawa.

Karani alitoka mlangoni akaita jina mara tatu, akarudi akitikisa kichwa. Mwenyekiti akawatazama waliokuwemo. Mdaiwa alikuwepo, Mzee Yesaya, ameshika kofia mkononi. Nyuma yake alikaa mwanawe Osward, mwenye viatu vipya. Upande wa mdai alikuwepo Brenda na faili lake.

"Wewe ni wakili?"

"Hapana, Mheshimiwa. Niko mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi ya Wakili Barnaba, Tunduma. Wakili leo yuko Mahakama Kuu Mbeya, na mdai alikuwa hapa nje sasa hivi tu..."

"Kama si wakili, keti."

Akaketi. Mwenyekiti hakuwa mkali, alisema tu kama anavyowaambia watu kila siku. Aliandika, kisha akasoma alichoandika: mdai hayupo na hakuna sababu iliyoelezwa, kwa hiyo shauri limefutwa, na amri ya zuio iliyokuwa inalinda shamba imekoma. Asiyeridhika ana siku thelathini za kuomba lirejeshwe. Osward akageuka, akamtabasamia Brenda kwa upole kabisa. Heri angemtukana.

Zuio hilo ndilo pekee lililokuwa linazuia panga. Zilikuwa ekari mbili za kahawa huko milimani Mbozi, ambazo Atuganile na marehemu mumewe walizipanda na kuzipalilia miaka kumi na tisa. Osward, shemeji yake, alitaka kuzing'oa apande parachichi. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ni ya baba yake, na mjane hana mtoto wa kiume. Miche ya parachichi alishainunua, imepangwa kwenye viroba nyuma ya nyumba yake.

&nbsp;

Brenda alimkuta mteja wao nyuma ya jengo, karibu na tangi la maji, amejifunika kanga mpaka machoni.

"Mama! Umeitwa mara tatu! Ulikwenda wapi?"

"Wameshaingia?"

"Wameshamaliza. Shauri limefutwa."

Atuganile alikaa chini polepole juu ya tofali. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano hivi, mrefu, mwenye mikono iliyozoea jembe. Hakulia. Alimtazama Brenda kwa muda mrefu, na jicho lake halikuwa na hasira, jambo lililokuwa baya zaidi.

"Si wewe uliyemleta?" alisema.

"Nimemleta nani?"

"Baba mkwe. Umemleta kwenye benchi langu."

Hapo ndipo Brenda alipokumbuka. Nusu saa kabla ya shauri kuitwa alikuwa amemwona Mzee Yesaya amesimama ukutani, anakohoa, hana pa kukaa. Akamwendea. Shikamoo mzee, karibu, nafasi ipo hapa. Akamshika mkono akamketisha kwenye benchi la barazani, na aliyekuwa amekaa upande wa pili wa benchi hilo ni Atuganile. Brenda akavuka barabara kwenda kutoa nakala, huku akijisifu moyoni kwamba wakili mwema huheshimu hata mpinzani wake. Aliporudi benchi lilikuwa tupu, na yeye akadhani wote wameshaingia ndani.

"Lakini mama, si ndiye unayemshtaki?"

"Nimemshtaki kwenye karatasi," Atuganile alisema. "Kukaa naye benchi moja, nguo ikagusa nguo, sijafanya tangu nimeolewa. Sisi ni Wandali, mwanangu. Chakula chake nilikuwa naweka kizingitini nageuka. Nimeondoka pale nikaja huku, nikangoja apite mlangoni na mimi nipite. Hapiti, kasimama palepale na Osward. Nikasema, yule binti wa wakili atanifuata."

 Mara zote za nyuma Wakili alikwenda peke yake kupangiwa tarehe. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza wahusika wenyewe kutakiwa, na jukumu la Brenda lilikuwa moja tu: mteja awe ndani anapoitwa.

&nbsp;

Ofisi ya Wakili Barnaba iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri vya malori. Chini foleni ya kuingia Zambia inanguruma tangu alfajiri, na vumbi hupanda ngazi bila kubisha hodi. Brenda alikuwa mwezi wa tatu pale. Watu wa Chapwa, kata anakoishi na wazazi wake, walishaanza kumwita wakili wetu. Hawakujua kwamba wakili wao huchemsha chai, hutoa nakala, hupeleka hati za wito kwa watu wanaomfungulia mbwa, na kwamba hana kiti. Kiti kilikuwa cha Ferista, katibu muhtasi mwenye miaka kumi na moja pale na mto wake wa kukalia. Brenda alikaa kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa, pembeni ya mashine ya nakala. Kila mteja aliyeingia alimuuliza, "Dada, wakili yupo?" na yeye alijibu yupo au hayupo, kisha akaenda kuosha vikombe.

Yote hayo aliyavumilia kwa sababu ya karatasi moja. Mafunzo yakiisha, Wakili Barnaba angeandika ripoti yake kwenda Shule ya Sheria. Ikiwa mbaya, angerudia.

Wakili alirudi kutoka Mbeya kesho yake. Alikuwa mtu wa kanda nyingine aliyehamia mpakani kufuata kazi, mnene, mcheshi, mwepesi wa kusamehe madogo. Hili halikuwa dogo. Alisikiliza habari yote amesimama.

"Kwa hiyo mteja wangu alitoroka kwa sababu ya benchi."

"Ni kosa langu, Wakili. Mimi ndiye niliyemketisha mzee."

"Mtu amefungua shauri, amelipa, halafu anamkimbia mdaiwa! Nikamwambie nini Mwenyekiti?" Alivua koti. "Sikiliza, binti. Andika maombi ya kurejesha shauri. Andika hati ya kiapo ya mteja: alishikwa na tumbo la ghafla, akakimbilia zahanati. Karatasi ya zahanati niachie mimi. Ijumaa iwe mezani."

"Lakini hakuumwa tumbo."

"Brenda. Unataka shamba lirudi au hutaki?"

Alipoondoka kwenda chumbani kwake, Ferista alisema bila kuinua macho kwenye kompyuta, "Tumbo limewaokoa wengi hapa. Usijali, mdogo wangu. Utazoea."

Mchana ule Atuganile alipiga simu. Osward alikuwa ameingia shambani na kopo la rangi nyekundu. Kila mkahawa aliupiga alama ya kukatwa kwenye shina.

&nbsp;

Jioni jua likiwa bado lipo, Brenda alikaa kibarazani kwao Chapwa na daftari magotini. Baba yake, Lusubilo, alikuwa uani ametandaza turubai la lori, anashona palipochanika kwa sindano ndefu. Kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha Brenda tangu darasa la kwanza. Mama yake, Enesi, alikuwa akichambua maharage kwenye ungo.

"Unaandika nini umekunja uso namna hiyo?"

Brenda alimweleza. Enesi alianza kwa kucheka, akacheka mpaka maharage yakamwagika. Kisha akaacha kucheka.

"Kwa hiyo mwanamke wa watu ashike Biblia aape kwamba aliumwa tumbo, kumbe alikuwa anamheshimu mkwe wake?"

"Ndiyo mambo ya sheria, mama."

"Hiyo si sheria. Hilo ni tumbo."

"Mama, sikufanyii mzaha. Nikiandika kwamba alikimbia benchi, watasema ni ujinga. Hata Wakili amesema hivyo."

Enesi aliweka ungo chini. "Wewe umekulia mjini huku, haya hukuyaona. Mimi baba yako huyu alinioa Ileje, kwa Wandali haohao, sina hata miaka ishirini. Siku moja natoka mtoni na ndoo kichwani, napinda kona, babu yako huyu hapa! Niliruka kwenye mahindi ya watu, maji yakanimwagikia yote. Na yeye, unajua alifanya nini? Aligeuka akautazama mlima. Akautazama mpaka akasikia nimepita. Jioni akatuma kuku, kunishukuru."

"Na yeye aligeuka?"

"Sasa! Wewe unadhani ni ya mwanamke peke yake? Heshima hiyo ni ya wawili. Nisingekimbia mimi, angekimbia yeye."

Brenda aliweka kalamu chini. Aliliona tena benchi la barazani alilolikuta tupu aliporudi na nakala zake. Upande wa Atuganile ulikuwa mtupu, na upande wa mzee pia. Mzee mgonjwa wa kifua alikuwa amepata pa kukaa, na bado akaenda kusimama mlangoni.

"Mama, kumbe yule mzee naye aliinuka."

"Asingeinuka angekuwa mtu wa namna gani?"

"Basi yeye ndiye shahidi wetu."

Lusubilo aliyekuwa kimya muda wote alivuta uzi, akaufunga fundo. "Ripoti yako anasaini nani?"

"Wakili Barnaba."

"Basi andika anachotaka Wakili Barnaba. Usituletee mambo. Unajua nimeshona maturubai mangapi mpaka ukafika hapo?"

"Lusubilo, na wewe!" Enesi alisema.

"Na mimi nini? Shamba la mtu lina mwenyewe. Huyu ni wangu."

Brenda aliona aibu, maana baba yake alikuwa anasema kweli, na vidole vyake vilikuwa na sugu nyeusi za sindano kila mtu anaziona. Enesi alirudi kwenye maharage yake. Lori lilipita barabarani, na vumbi likatua juu ya turubai.

Baada ya muda Lusubilo alisema bila kuinua kichwa, "Baba asingekaa. Marehemu baba angesimama hata mpaka jua lizame."

Akaendelea kushona. Brenda akachana ukurasa, akaanza upya.

&nbsp;

Ijumaa alipeleka hati mbili. Moja ilikuwa ya Atuganile, yenye ukweli mtupu. Ya pili ilikuwa yake mwenyewe: Mimi Brenda Lusubilo, Mkristo, mkazi wa Chapwa, naapa kwamba mimi ndiye niliyemketisha mdaiwa kwenye benchi la mdai bila kujua mila hiyo, na kwamba nilimwacha mteja pale nikaenda kutoa nakala.

Wakili alizisoma mbili zote, akarudia ya pili.

"Unataka kutangaza kwamba ofisi yangu ilimpoteza mteja barazani?"

"Naandika kwamba mimi ndiye nilikosea."

"Wewe ni ofisi! Jina lililoko mlangoni ni langu."

Atuganile, aliyekuwa ameitwa kuja kusaini, alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja na kikapu miguuni. Wakili alimgeukia kwa sauti tamu. "Mama, tuna njia fupi. Siku ile ulishikwa na tumbo. Au sivyo?"

"Tumbo langu halikuuma," alisema Atuganile.

"Mama, hili ni la kukusaidia wewe."

"Nimekusikia, Wakili, na asante. Lakini mimi kanisani ni mzee wa akina mama. Nikiapa tumbo, halafu Baba mkwe yupo palepale anajua nimemkimbia, ataniona mimi mwongo. Shamba litarudi, na hiyo heshima je?" Alifungua kikapu, akatoa tawi la mkahawa, matunda bado mabichi, na kwenye gamba doa la rangi nyekundu iliyoruka kutoka shinani. "Jana shemeji ameshakata mstari wa kwanza. Mikahawa kumi na moja. Andikeni ya kweli, ila andikeni haraka."

Wakili Barnaba aliliangalia tawi lile. Alikuwa mvivu wa njia ndefu, lakini hakuwa na roho mbaya. Alichukua kalamu, akaweka maneno mawili ya kisheria mahali Brenda aliposahau, akaandika juu kabisa kwamba maombi ni ya dharura.

"Yakitupwa, ni mzigo wako," alimwambia. "Na kwenye ripoti nitaandika yote kama yalivyotokea."

"Sawa, Wakili."

Akazibeba hati zote mbili kwenda kwenye mashine ya nakala.

&nbsp;

Siku ya kusikilizwa alifika Vwawa kabla karani hajafungua mlango. Aliazima kiti cha plastiki kwa mama anayeuza chapati ng'ambo ya barabara, akakiweka nje, nyuma ya ubao wa mlango, mahali ambapo mtu anasikia kila kinachosemwa ukumbini na haonekani. Hapo akamketisha Atuganile. Kisha akakaa ngazini kulinda njia, na Mzee Yesaya alipofika alimpitisha upande wa pili moja kwa moja mpaka ndani. Mzee aliona miguu ya kiti chini ya ubao wa mlango, akamtazama Brenda.

Shauri liliitwa. Wakili Barnaba aliongea vizuri kuliko Brenda alivyotegemea, utadhani wazo lilikuwa lake. Mwenyekiti alisikiliza akifunua kurasa.

"Brenda Lusubilo yupo?"

Alisimama.

"Wewe si ndiye niliyekuambia uketi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Siku ile hukuwa na nafasi ya kuongea. Leo umeapa, wewe ni shahidi. Eleza."

Akaeleza. Alisema habari ya benchi, ya kikohozi cha mzee, ya nakala, na ya benchi alilolikuta tupu. Alipofika mahali pa kusema "nilijiona mwema", mjumbe mmoja wa baraza, mama mtu mzima, aliinama kuficha kicheko.

Osward aliinuka. "Mheshimiwa, hizi ni hadithi. Mila za kizamani. Huyu mama ana simu, anatumiwa hela kwenye simu, anapanda bodaboda. Leo ndiyo ajifanye haoni watu? Tunapinga."

"Mdaiwa ni wewe au baba yako?"

"Ni baba."

"Basi asimame baba."

Mzee Yesaya aliinuka akishika kiti cha mbele yake. Alikohoa, wakamngoja.

"Huyu binti aliniketisha," alianza. "Nikamshukuru, miguu yangu imechoka. Halafu nikaona kanga. Nikajua nani yuko pembeni yangu. Nikainuka, lakini mwenzangu alishaniwahi."

"Kwa hiyo aliondoka kwa sababu yako?"

"Aliondoka kwa heshima yangu. Mheshimiwa, miaka kumi na tisa amekaa kwangu, uso wake sijawahi kuutazama sawasawa. Sauti yake niliisikia siku moja tu, siku tunamzika mwanangu. Alilia." Mzee alikohoa tena. "Angebaki pale bega kwa bega na mimi, ningejua amenidharau, na ningeshika shamba kwa mikono miwili. Hakubaki."

"Baba!" Osward alinong'ona. "Shamba, baba. Sema shamba."

"Shamba ni neno lingine. Tutalisema siku yake, na mimi nitasema ya kwangu. Lakini siwezi kusimama hapa niseme mkwe wangu hakuwa na sababu. Na ile mikahawa kumi na moja iliyokatwa, mimi sikutuma mtu."

Osward alikaa, akatazama viatu vyake. Mwenyekiti aliongea kwa sauti ndogo na wajumbe wake wawili, kisha akaandika kwa muda ambao Brenda aliuona mrefu kuliko miezi yote mitatu. Sababu imetolewa, alisoma, na mdaiwa mwenyewe ameithibitisha. Shauri linarejeshwa. Amri ya zuio inarudi leo hii, na usikatwe mkahawa mwingine hata mmoja mpaka baraza liamue.

Wakili Barnaba aliinama kushukuru. Alipokaa, alimsogelea Brenda sikioni. "Orodha ya mashahidi uiandike wewe. Na mwambie Ferista akutafutie kiti."

Brenda alitikisa kichwa kukubali. Angesema neno angelia, na suti nyeusi na machozi haviendani. Alimfikiria baba yake uani na sindano yake, na namna atakavyojifanya hajali akisikia.

"Tupange tarehe ya ushahidi," Mwenyekiti alisema. "Safari hii sitaki kusikia habari za benchi. Mdai yupo?"

Karani alianza kuinuka kwenda kuita. Lakini Mzee Yesaya alimtangulia. Aligeuza kiti chake polepole, miguu ya kiti ikikwaruza sakafu, akaupa mlango mgongo, akalielekea dirisha linalotazama milima. Akatulia, kofia magotini. Kila mtu ukumbini akaelewa, hata Osward.

Ubao wa mlango ukasogea, na Atuganile akasimama kizingitini, kanga mabegani.

"Nipo," alisema.